Mulongo: Virusi vya kompyuta vilifika bila intaneti, antivirusi ikachelewa njiani

Mulongo, kando ya mto Lualaba, teritwari ya Malemba-Nkulu. Asubuhi, mbele ya zile nyumba za kupiga maandishi na kutoa fotokopi ambazo wakaaji wanaziita sekretariati, watu wanapanga foleni. Mwalimu ana orodha ya wanafunzi wake. Muuguzi ana ripoti ya mwezi ya kituo cha afya. Kijana anayemaliza masomo ana TFC yake, kazi ya miezi mingi. Kila mmoja ameshika flashi, wengine wameifunga kwa kamba shingoni kama ufunguo wa nyumba. Kompyuta ni moja, na flashi zote zinapita humo, moja baada ya nyingine.

Mara nyingi kinachofuata ni kile kile. Kijana anafungua flashi yake, na mahali pa folda zake anakuta picha ndogo zenye mshale. Akibonyeza, hakuna kitu, ama skrini nyeusi inapita haraka na kupotea. Mwenye mashine anatazama, anatikisa kichwa: «Imeingia virusi hii. Tuifomati.» Dakika moja baadaye flashi ni safi, na TFC haiko tena.

La kusikitisha ni kwamba katika hali nyingi za namna hiyo TFC ilikuwa bado imo ndani ya flashi. Kirusi hakikuifuta. Kiliificha tu. Aliyeifuta ni yule aliyetaka kusaidia.

Basi swali linalorudi kila siku, «antivirusi gani ni nzuri?», lina historia ndefu nyuma yake, na historia hiyo inawahusu wakaaji wa Mulongo kuliko wanavyodhani. Watu wengi wanafikiri virusi ni ugonjwa wa intaneti: mwenye kuwa mbali na intaneti yuko salama. Ni kinyume. Virusi vya kompyuta vilizaliwa kutembea kwa mkono, kabla intaneti haijafika katika nyumba za watu.

Mwaka wa 1986 Mulongo ilikuwa ndani ya Zaire, jimbo la Shaba, na maandishi ya ofisi yalipigwa kwa mashine ya kuandikia, na karatasi ya kaboni katikati. Mwanzoni mwa mwaka huo, huko Lahore nchini Pakistani, ndugu wawili, Basit na Amjad Farooq Alvi, waliokuwa na duka la kompyuta, walitengeneza programu ndogo iliyoitwa Brain. Wao walieleza kwamba walitaka kuwabana watu waliokuwa wakinakili programu yao bila kulipa. Brain ilijiandika katika sehemu ya kwanza ya diskete, ile ambayo kompyuta husoma inapowashwa. Diskete ikiazimwa kwa rafiki, Brain inakwenda pamoja nayo. Ndani yake ndugu hao waliandika majina yao, anwani ya duka na namba za simu! Haikupita muda wakaanza kupigiwa simu kutoka nchi za mbali, na watu wenye hasira. Ndiyo inayohesabiwa kuwa kirusi cha kwanza cha kompyuta za aina ya PC, na kilizunguka dunia mfukoni mwa watu.

Jina «virusi» lenyewe lilikuwa limeshatolewa. Mwaka wa 1983, mwanafunzi wa Marekani, Fred Cohen, alionyesha mbele ya wenzake darasani programu inayojinakili ndani ya programu nyingine, na mwalimu wake Leonard Adleman ndiye aliyependekeza iitwe hivyo. Lakini kazi ya Cohen iliyo na maana zaidi kwa mnunuzi wa leo ni nyingine: alithibitisha kwa hesabu kwamba haiwezekani kutengeneza programu itakayotambua kila kirusi bila kukosea hata mara moja. Kwa hiyo muuzaji yeyote anayeahidi ulinzi wa asilimia 100, awe Lubumbashi, awe Kamina, awe kwenye tangazo la simu, anaahidi kitu ambacho hesabu imekataa.

Antivirusi zilikuja haraka baada ya Brain. Mwaka wa 1987 Mjerumani Bernd Fix aliandika programu ya kuondoa kirusi kilichoitwa Vienna. Mwaka huo huo John McAfee alianza kampuni yake Marekani, na katika nchi iliyokuwa ikiitwa Chekoslovakia vijana wawili, Peter Paško na Miroslav Trnka, walitengeneza NOD, ambayo leo inajulikana kwa jina la kampuni yao, ESET. Jina NOD lilitokana na maneno yenye maana ya «hospitali iliyo pembeni mwa diski», kwa kuchezea jina la tamthilia ya televisheni ya hospitali iliyopendwa sana kwao. Mwaka wa 1988, huko Prague, Pavel Baudiš alikutana na Vienna, akaichambua, na yeye na Eduard Kučera wakaanzisha kazi iliyokuja kuwa Avast. Eugene Kaspersky wa Moscow alianza mwaka wa 1989, kompyuta yake ilipoingiwa na kirusi kinachoitwa Cascade, kile kinachofanya herufi zidondoke chini ya skrini kama majani. Majina haya ndiyo yale yale ambayo vijana wa Mulongo wanabishania mpaka leo.

Namna walivyofanya kazi ni rahisi kueleza. Antivirusi ya wakati ule ilikuwa kama mlinzi wa lango aliyepewa picha za wezi. Anayefanana na picha, anazuiwa. Mwizi ambaye picha yake haijafika, anapita na kusalimiwa. Antivirusi za leo zina akili zaidi, zinaangalia pia mwenendo wa programu, na nyingi huuliza kompyuta kubwa za kampuni kwa njia ya intaneti kabla ya kuamua. Lakini mlinzi bila picha mpya bado ni mlinzi mzee. Ukizima intaneti, unampokonya pia simu yake.

Mwezi wa Desemba 1989 likatokea jambo linalopaswa kusomwa polepole na kila mwenye sekretariati. Diskete kama 20,000 zilitumwa kwa posta kutoka London kwenda kwa watu wa nchi nyingi, wakiwemo waliohudhuria mkutano wa Shirika la Afya Duniani juu ya UKIMWI. Juu yake iliandikwa kwamba zina habari kuhusu UKIMWI. Aliyezituma, kulingana na mashtaka ya Uingereza, ni Joseph Popp, msomi Mmarekani aliyewahi kufanya utafiti wa nyani nchini Kenya. Programu ilimuuliza mtu maswali juu ya maisha yake na kumpa makadirio ya hatari. Kisha ikanyamaza. Kompyuta ilipowashwa mara 90 hivi, folda zilifichwa, majina ya faili yakavurugwa, na skrini ikadai dola 189 zitumwe kwenye sanduku la posta nchini Panama. Hiyo ndiyo programu ya kwanza inayojulikana ya kuteka faili na kudai fidia.

Sasa tazama lililotokea. Popp alivuruga majina ya faili, si yaliyomo ndani yake. Mtaalamu Mwingereza Jim Bates aliichambua ile diskete na kutoa bure programu za kurudisha kila kitu mahali pake. Lakini wengine hawakungoja. Walishikwa na woga, wakafuta diski nzima. Iliripotiwa kwamba shirika moja la Italia linaloshughulika na UKIMWI lilipoteza kazi ya miaka 10 kwa njia hiyo. Popp alikamatwa, akapelekwa Uingereza, na mwaka wa 1991 mahakama ikaona hali ya akili yake haimruhusu kuhukumiwa. Kazi ya miaka 10 haikurudi. Ni hadithi ya TFC ya Mulongo, miaka mingi kabla yake.

Woga huo haukuchelewa kuwa biashara. Mwanzoni mwa 1992 magazeti na televisheni za Marekani zilitangaza kwamba kirusi Michelangelo kitafuta kompyuta tarehe 6 Machi, na hesabu ya mpaka milioni 5 ilitajwa. Watu walikimbilia madukani kununua antivirusi. Siku ilipofika, zilizoharibika zilihesabiwa kwa maelfu tu. Baadaye wezi wenyewe walielewa faida ya woga: wakaanza kutengeneza antivirusi za uongo, zile zinazotokea ghafla kwenye skrini na kupiga kelele kwamba kompyuta ina virusi 300, lipa hapa. Bado ziko. Antivirusi ya kweli haimtafuti mtu barabarani.

Diskete ilikufa, flashi ikachukua nafasi yake. Flashi za kwanza ziliuzwa mwaka wa 2000, na kwa maeneo kama Haut-Lomami zilikuwa baraka: ripoti ingeweza kusafiri kwa pikipiki mpaka Kamina, ama kwa boti mpaka Bukama kwenye reli, bila intaneti yoyote. Lakini Windows ya wakati ule, hasa XP, ilikuwa na mlango ulioachwa wazi. Ukichomeka flashi, kompyuta ilisoma faili inayoitwa autorun na kutii kilichoandikwa humo. Ni ile sehemu ya kwanza ya diskete ya Brain iliyorudi kwa sura nyingine.

Novemba 2008 alitokea mnyoo Conficker. Aliingia kwa mtandao katika kompyuta ambazo hazikupokea marekebisho ya Microsoft ya mwezi uliotangulia, na aina zake zilizofuata zilipita pia kwa flashi. Mamilioni ya kompyuta ziliambukizwa. Huko Ufaransa, Januari 2009, mtandao wa jeshi la majini uliguswa, na iliripotiwa kwamba ndege kadhaa za kivita zilibaki chini. Microsoft iliahidi dola 250,000 kwa atakayesaidia kuwakamata watengenezaji. Februari 2011 ilisambaza marekebisho yaliyofunga mlango ule wa autorun hata kwenye XP, kwa wale waliokuwa na intaneti ya kuyapokea.

Hapo wezi wakabadilisha mbinu, na mbinu hiyo ndiyo inayosumbua mpaka leo. Kama kompyuta haitii tena yenyewe, basi mtu mwenyewe abonyeze. Kirusi kinaficha folda za kweli, kisha kinaweka mahali pake njia za mkato zenye majina yale yale. Mtu anabonyeza «TFC», na kwa kubonyeza huko amekifungulia kirusi mlango wa kompyuta. Jenxcus, mojawapo ya vilivyotumia ujanja huo kwenye flashi, kilikuwa kikubwa kiasi kwamba Juni 2014 Microsoft ilikwenda mahakamani ili kukikata.

Kwa hiyo, kabla ya neno fomati, kuna neno lingine. Kwenye kompyuta iliyo safi, ama iliyokaguliwa, mtu anafungua ile skrini nyeusi ya amri ya Windows na kuandika, ikiwa herufi ya flashi ni E: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* kisha Enter. Folda zilizofichwa zinaonekana tena. Zile njia za mkato zinafutwa bila kubonyezwa, na flashi inakaguliwa kwa antivirusi kabla ya kufungua chochote. Haihitaji intaneti wala malipo. Mwenye sekretariati anayejua mstari huo mmoja ameokoa kazi nyingi kuliko yule mwenye antivirusi tatu.

Na kweli wako wenye tatu. Ni kosa. Antivirusi mbili zinazolinda kwa wakati mmoja hushikana mashati, kompyuta inakuwa nzito, na betri ya sola inaisha mapema. Smadav ya Indonesia, inayopendwa sana kwa sababu ya flashi, watengenezaji wake wenyewe wanaieleza kuwa ni ulinzi wa kuongezea juu ya antivirusi nyingine, si mlinzi wa peke yake.

Kuhusu kulipa ama kutolipa, historia imegeuza mambo. Zamani ulinzi mzuri ulinunuliwa, na asiye na pesa alitafuta ufunguo wa wizi. Ufunguo huo kampuni ikiugundua inaufunga, na programu iliyovunjwa mara nyingi huja na kirusi chake tumboni. Tangu Windows 8, mwaka wa 2012, antivirusi ya Microsoft iitwayo Defender imo ndani ya Windows yenyewe bila malipo, na Windows 10 na 11 zinayo pia. Kwa kompyuta ya nyumbani yenye intaneti ya kila siku, Defender inatosha watu wengi.

Lakini Mulongo intaneti si ya kila siku, na bando ni ghali kuliko samaki. Hapa ndipo majibu yanayotolewa Ulaya hayatoshi. Kuna maabara zinazopima antivirusi na kutoa matokeo bure: AV-TEST ya Magdeburg nchini Ujerumani, AV-Comparatives ya Innsbruck nchini Austria, na Virus Bulletin ya Uingereza. AV-Comparatives, katika baadhi ya vipimo vyake, inaonyesha safu mbili: uwezo wa antivirusi ikiwa na intaneti, na uwezo wake ikiwa imekatiwa. Safu ya pili ndiyo ya kusoma huku kwetu. Katika safu hiyo Defender mara kadhaa imeonekana kushuka sana, kwa kuwa hutegemea kuuliza kompyuta kubwa za Microsoft, wakati nyingine kama Bitdefender na Avast zilishuka kidogo. Nyota tano zilizoandikwa kwenye sanduku hazielezi jambo hilo.

Jina kubwa nalo halitoshi. Avast, antivirusi ya bure iliyo kwenye mamilioni ya kompyuta, iligunduliwa kuwa kampuni yake ndogo, Jumpshot, ilikuwa ikiuza habari za kurasa ambazo watumiaji walizitembelea. Jumpshot ilifungwa Januari 2020, na mwaka wa 2024 mamlaka ya biashara ya Marekani ikaitoza Avast dola milioni 16.5. Kaspersky ilisifiwa na maabara kwa miaka mingi, lakini serikali ya Marekani, ikihofia uhusiano na dola ya Urusi, ilipiga marufuku uuzaji wake mwaka wa 2024, na tangu mwisho wa Septemba mwaka huo wateja wa huko hawakupokea tena picha mpya za wezi. Kampuni ilikana tuhuma. Kongo haikuweka katazo hilo, ila mnunuzi anaona kwamba ulinzi wake unaweza kukatwa kwa uamuzi wa watu asiowajua. Na hata mlinzi mwaminifu hukosea: tarehe 21 Aprili 2010 sasisho la McAfee lilidhani faili halali ya Windows XP ni kirusi, kompyuta nyingi za ofisi zikaanguka.

Kuna pia umri wa Windows yenyewe. Microsoft iliacha kurekebisha XP tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Antivirusi juu ya XP ni kufuli jipya kwenye mlango ulioliwa na mchwa. Kwa kompyuta nzee isiyoweza kubeba Windows mpya, wengine wanaweka Linux, ambayo virusi vya flashi vya Windows haviwezi kuishi ndani yake, na inaziona zile folda zilizofichwa kwa urahisi.

Anayetaka kujua kama antivirusi yake iko macho anaweza kutumia faili ya EICAR, maandishi ya herufi 68 yasiyo na madhara yoyote, ambayo kampuni za antivirusi zilikubaliana kuyachukulia kama kirusi. Akiihifadhi na mlinzi akanyamaza, mlinzi amelala. Nyingine ni kutazama tarehe ya sasisho la mwisho. Ikionyesha miezi minane iliyopita, jina la antivirusi halina maana tena.

Na sasisho linaweza kuja bila intaneti ya nyumbani. Microsoft inatoa kwenye tovuti yake faili ya sasisho la Defender iitwayo mpam-fe.exe, yenye zaidi ya megabaiti 100. Avast nayo ina yake, vpsupd.exe. Mtu mmoja akiipakua Kamina, ama mahali popote penye mtandao mzuri, anaiweka kwenye flashi safi, anafika nayo Mulongo, na kompyuta kumi zinasasishwa kwa bando moja. Sekretariati zikichanga pesa kwa zamu, kila juma moja yao ikalipa, gharama inakuwa ndogo. Faili hiyo inaingia hata katika flashi ya gigabaiti 2, na nafasi inabaki ya ripoti ya kituo cha afya na orodha ya mwalimu. Inapita barabara ile ile waliyopita virusi, juu ya pikipiki ile ile.